Mkoa Uliotoka Nje ya Uzio: Historia ya Rukwa na Katavi kwa Mchoro wa Sanduku

  

Leo tunasoma historia, lakini tutaisoma kwa hesabu. Kabla ya kuanza, kila kundi liwe na punje 26 za mahindi. Katika Ufipa punje za mahindi hazikosekani. Zipangeni mezani katika mstari mmoja. Kila punje ni mkoa mmoja wa Tanzania Bara. Mwalimu wa darasa awe karibu na ubao, na kila mwanafunzi awe na kalamu na karatasi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Hesabu ya watu ya kwanza baada ya Muungano ilifanywa mwaka 1967. Wakati huo hapakuwa na mkoa ulioitwa Rukwa. Sumbawanga ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, na Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora. Mtu wa Ufipa aliyekuwa na shauri la kufikisha mkoani alisafiri mbali sana. Mwaka 1974 sehemu hizo mbili ziliunganishwa, Mkoa wa Rukwa ukazaliwa, makao yake makuu yakawa Sumbawanga. Watu wa mkoa huo waliongezeka upesi. Hesabu ya mwaka 1978 ilikuta watu kama laki 4 na nusu. Ile ya mwaka 1988 ilikuta karibu laki 7, na ile ya mwaka 2002 ilikuta zaidi ya laki 11. Kisha mwaka 2012 mkoa uligawanywa. Upande wa Mpanda ukawa Mkoa wa Katavi, na Ufipa pamoja na sehemu yake ya bonde ikabaki na jina la Rukwa. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo watu wakahesabiwa tena. Mgawanyo huo na hesabu hiyo tutavirudia baadaye, maana ndipo penye kiini cha somo.

Sasa turudi kwenye punje zetu. Hesabu ya watu ya mwisho ilifanywa Agosti 2022. Tupange mikoa kwa wingi wa watu, tukianza na mdogo upande wa kushoto na kumalizia na mkubwa upande wa kulia. Ya kwanza ni Njombe, yenye watu karibu laki 9. Ya mwisho ni Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728, yaani karibu laki 54. Rukwa, yenye watu 1,540,519, ni ya sita kutoka kushoto.

Tafuteni katikati ya mstari. Punje ni 26, basi katikati ni kati ya punje ya 13 na ya 14. Wekeni kijiti hapo. Sasa kushoto mna punje 13 na kulia mna punje 13. Katikati ya zile za kushoto ni punje ya 7, nayo ni Mtwara, yenye watu laki 16. Katikati ya zile za kulia ni punje ya 20, nayo ni Geita, yenye watu laki 30. (Ili hesabu iwe nyepesi tunakamilisha kwenye laki iliyo karibu.) Chukueni kalamu mchore sanduku linaloanza kwenye laki 16 na kuishia kwenye laki 30. Ndani ya sanduku hilo mmekamata ile nusu ya mikoa iliyo katikati, mikoa ambayo si midogo sana wala si mikubwa sana.

Urefu wa sanduku ni 30 kutoa 16, yaani 14. Chukueni urefu huo pamoja na nusu yake: 14 na 7 ni 21. Ongezeni 21 juu ya 30, mtapata 51. Hapo simamisheni uzio. Mkoa wowote uliopita laki 51 umetoka nje ya uzio. Ni mkoa gani? Ni Dar es Salaam peke yake. Mwanza, ya pili kwa ukubwa, ina watu laki 37 tu, nayo iko ndani bila taabu. Upande wa kushoto nako tunatoa 21 kutoka 16, lakini tunashuka chini ya sifuri, na hakuna mkoa wenye watu chini ya sifuri. Kwa hiyo huko hakuna aliyetoka.

Mchoro huu huitwa mchoro wa sanduku. Mwaka 1952 huko Marekani bibi mmoja aitwaye Mary Eleanor Spear alichapa mchoro unaofanana nao. Lakini aliyeueneza kwa namna tunayoitumia leo ni mwalimu wa hesabu wa chuo cha Princeton, John Tukey, katika kitabu chake cha mwaka 1977. Mtu anaweza kuuliza, kwa nini urefu mmoja na nusu, kwa nini si mbili? Hicho ni kipimo alichochagua Tukey mwenyewe kwa kuona kwamba kinafaa. Si sheria ya Mungu wala ya serikali.

Wengine mtasema kwamba kila mtu ajua Dar es Salaam ni kubwa, hata bila punje. Ni kweli. Nilianza na jambo mnalolijua ili mwone kama chombo chetu kinasema kweli. Tukiisha kukiamini, tukitumie kwa jambo lisiloonekana kwa macho.

Jambo hilo ni ongezeko la watu. Tuulize hivi: mahali palipokuwa na watu 100 mwaka 2012, watu wangapi walikuwa wameongezeka ilipofika mwaka 2022? Kwa Tanzania nzima jibu ni 37. Nimewafanyia hesabu ya kila mkoa wa Bara na kukamilisha kwenye namba nzima iliyo karibu. Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo kwa mwaka 2012 nimechukua watu wa wilaya zake. Mwalimu aandike ubaoni:

Kilimanjaro 14, Kigoma 16, Kagera 22, Dar es Salaam 23, Iringa 27, Njombe 27, Tanga 28, Mtwara 29, Manyara 33, Mwanza 33, Ruvuma 34, Songwe 35, Simiyu 35, Mara 36, Mbeya 37, Lindi 38, Arusha 39, Morogoro 44, Shinyanga 46, Singida 47, Tabora 48, Dodoma 48, Rukwa 53, Geita 71, Pwani 84, Katavi 104.

Tazameni kwanza Dar es Salaam ilivyohama. Katika mstari wa ukubwa ilikuwa nje ya uzio, peke yake. Katika mstari huu iko miongoni mwa mikoa inayoongezeka polepole. Kwa hiyo mtu asiseme tu kwamba mkoa fulani ni wa ajabu. Ni wa ajabu kwa kipimo gani?

Sasa chora. Punje ya 7 ni Tanga, 28. Punje ya 20 ni Singida, 47. Sanduku linaanza 28 na kuishia 47, na ndani yake, kwenye 35 na nusu, piga mstari wa katikati. Urefu wa sanduku ni 19. Urefu huo na nusu yake ni 28 na nusu. Ukiongeza juu ya 47 unapata 75 na nusu. Huo ndio uzio wa kulia. Wa kushoto unaangukia chini kidogo ya sifuri, na hakuna mkoa uliopungua watu.

Toka kwenye sanduku vuta mstari kwenda kushoto hadi mkoa wa mwisho ulio ndani ya uzio, yaani Kilimanjaro, 14. Vuta mwingine kwenda kulia hadi Geita, 71. Mistari hiyo miwili wengine huifananisha na masharubu ya paka. Waliobaki nje hawaguswi na masharubu. Kila mmoja anawekewa nukta yake. Nao ni wawili tu, Pwani na Katavi.

Rukwa, yenye 53, imetoka nje ya sanduku lakini haikufika kwenye uzio. Najua wengi wenu mnaoishi Ufipa mtashangaa. Mmeona mji wa Sumbawanga unavyopanuka, hasa tangu miaka ya 2010 barabara ya lami ilipouunganisha na Tunduma. Mmeona mashamba yanavyosogeleana na mifugo inavyojaa bondeni. Yote hayo ni kweli. Sanduku halikatai kwamba mmeongezeka. Linasema tu kwamba ongezeko lenu bado linafanana na la wengine, ingawa ni kubwa.

Katavi ni habari nyingine. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 ilikuwa na watu 1,152,958. Wamezidi mara mbili katika miaka 10! Mtu akiona namba ya namna hii hufanya moja ya makosa mawili. Wa kwanza husema, "Karani amekosea," akaifuta. Wa pili husema, "Hapa kuna miujiza." Jina la Sumbawanga, kama wenyeji wasemavyo, maana yake ni "tupa uchawi", na katika vijiji vyetu mtu akivuna magunia mengi kuliko jirani zake, hakosekani wa kunong'ona. Nukta iliyo nje ya uzio haisemi kosa, wala haisemi uchawi. Inatuita twende tukaulize.

Basi tuulize. Je, ni kuzaliwa tu? Katika sehemu za magharibi mwa nchi akina mama wamekuwa wakizaa watoto wengi kuliko wastani wa nchi. Lakini hata mahali ambapo waliozaliwa wanazidi waliokufa kwa watu 3 au 4 katika kila 100 kwa mwaka, baada ya miaka 10 nyongeza huwa kama 34 hadi 48. Haifiki 104. Kwa hiyo ama watu wengi walihamia, ama wengine hawakuhesabiwa vizuri mwaka 2012, ama yote mawili. Kuhama tunakujua. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wakulima na wafugaji kutoka kaskazini, wengi wao Wasukuma, wamekuwa wakija bonde la Rukwa na upande wa Mpanda kutafuta ardhi na malisho. Huko Mpanda walikuwako tayari pia wakimbizi kutoka Burundi, waliowekwa Katumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mishamo tangu mwaka 1978, na wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania.

Kuhusu Pwani nitasema machache. Inapakana na Dar es Salaam, na wanaokosa kiwanja mjini hujenga Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Ndiyo maana Dar es Salaam inaonekana inaenda polepole na jirani yake inakimbia.

Sasa turudi kwenye mgawanyo wa mwaka 2012, kama nilivyoahidi. Tufanye kana kwamba Rukwa haikugawanywa. Jumlisheni watu wa Rukwa na Katavi pamoja. Mwaka 2012 walikuwa 1,569,143. Mwaka 2022 walikuwa 2,693,477. Katika kila watu 100 wameongezeka 72. Mikoa ingekuwa 25, na ukipanga sanduku upya uzio unabaki karibu palepale, kwenye 75 hivi. Mkoa wa zamani wenye 72 ungekuwa ndani. Nukta ya Katavi ingetoweka kabisa! Watu wangekuwa walewale, vijiji vilevile, visima vilevile na foleni ileile zahanati, lakini mtu wa ofisini anayetazama karatasi yake asingeona neno la kumshtua.

Hii ndiyo sababu sisi tunaosoma historia ya Rukwa inatupasa kuzitazama namba za zamani kwa uangalifu. Laki 4 na nusu za mwaka 1978, laki 7 za mwaka 1988 na laki 11 za mwaka 2002 ni za Ufipa na Mpanda pamoja, zimekorogwa katika chungu kimoja. Hazituonyeshi zenyewe kama Mpanda ilikuwa tayari inakimbia wakati Ufipa inatembea. Anayetaka kujua lazima atafute hesabu za wilaya, kisha za kata, apange upya punje zake. Na inawezekana sana kwamba ndani ya Rukwa ya leo iko kata ya bondeni iliyozidi mara mbili, nayo imefunikwa na ile 53 kama Katavi ingalivyofunikwa na 72. Walimu, madawati na dawa hugawanywa kwa kufuata namba. Kata isiyoonekana katika namba watoto wake hukaa chini.

Kazi ya darasa kwa juma lijalo ni hii. Kila mwanafunzi aende kwenye nyumba 3 za jirani zake aulize ni watu wangapi waliolala humo usiku uliopita. Aulize kwa adabu, wala asiandike jina la mtu. Leteni namba zote darasani, mzipange kuanzia ndogo, mtafute katikati na robo zake, mchore sanduku na uzio. Ikiwa iko nyumba iliyotoka nje, mwanafunzi aliyeileta arudi huko kwanza kuhakikisha kwamba alisikia vizuri. Pengine walikuwa 9 naye akaandika 19. Pengine kulikuwa na msiba au harusi. Pengine ni kweli ni 19, na wote ni wenyeji wa nyumba hiyo.