Karema: Kijiji Kilichoachwa na Maji

Mgeni afikaye Karema, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, huyakuta majengo ya kale ya misheni mbali na maji, akajiuliza ni mjenzi gani aliyejenga boma la ziwani pasipo ziwa. Lawama si ya mjenzi. Kapteni Cambier, Mbelgiji, alipolianzisha boma lile katika mwaka wa 1879, maji yalikuwa karibu nalo.

Sababu yapatikana ng'ambo, katika nchi ya Kongo. Mto Lukuga ndio pekee utoao maji ziwani. Cameron aliufikia mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, nao waliukuta mlango wake umezibwa kwa matope na mafunjo. Baada ya muda mfupi kizuizi kilivunjika, na kabla ya karne ile kwisha ziwa lilikuwa limeshuka mita zipatazo 10. Mahali penye ufuko ulioinama kwa upole, kama Karema, kushuka huko kwazaa nchi kavu ya mwendo mrefu.

Jina lenyewe laandikwa Karema katika vitabu vingine, na Kalema katika vingine. Haifai kulizulia maana mbili: kupokezana kwa r na l ni jambo la kawaida katika lugha za Kibantu, na wageni waliandika kadiri masikio yao yalivyosikia.

Boma lilikuwa la chama cha Mfalme Leopold wa Pili, kilichodai kuja kwa elimu na kwa kupinga biashara ya watumwa. Ili kuondoa haja ya wapagazi, walishushwa Msasani ndovu wanne wa Kihindi mwaka 1879, wapelekwe Karema, safari ikawaua baadhi yao. Mwaka 1885, mfalme akiwa amekwisha kuelekeza macho yake Kongo, boma likakabidhiwa Mapadre Weupe.

Hapana shaka kwamba fahari ya Karema si boma hilo, bali ni Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa mwanamke wa nchi ile, akawatibu watu wa ukingo ule hata kufa kwake mwaka 1956, yaani miaka 67. Wasomi wameandika mengi juu ya maofisa waliokaa Karema miezi michache. Tabibu huyu, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, hupewa mistari miwili.

Katika miaka ya mwanzo ya 2020 serikali ya Tanzania ilikamilisha bandari mpya Karema, ikitazamana na Kalemie, mji ulio kwenye mlango wa Lukuga uleule. Na katika miaka hiyohiyo ziwa lilipanda tena, likaingia katika mitaa ya Bujumbura na ya Kalemie, na kuutafuta ukingo wake wa zamani.