Boksi la Usukani la Babu

Ujumbe uliingia WhatsApp saa nne usiku, baba mdogo ameutafsiri kwa namna yake: "Mzungu anauliza kama stelingi ni ya kwake." Alimaanisha kama mfumo wa usukani wa Land Rover ya marehemu babu ni uleule iliotoka nao kiwandani Solihull, Uingereza, mwaka 1955. Mnunuzi anakusanya magari ya zamani, na alishatupa bei mbili: moja kama kila kitu cha usukani ni cha asili, nyingine kama si cha asili. Tofauti kati ya hizo bei ingetosha kuezeka upya nyumba ya bibi kule Same na chenji ikabaki.

Kwa nini usukani? Hilo lilinishangaza. Ningekuwa mimi ningeuliza injini. Lakini wenye kujua magari haya wanasema injini ni rahisi kuhakiki, ina namba yake, unaisoma na kuilinganisha na kumbukumbu. Usukani ni vipande vingi vilivyotawanyika kuanzia mikononi mwa dereva hadi kwenye matairi, na kila kipande kinaweza kuwa kimebadilishwa peke yake. Ndiyo maana spea zake za asili zimekuwa adimu, na ndiyo maana watu wanazighushi.

Basi nikachukua likizo ya siku tano, nikapanda basi kwenda Arusha, ambako gari lilishasafirishwa kwa lori. Baba mdogo alikuwa amelipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Unga Limited, mtu aliyeanza kufungua Land Rover kabla mimi sijazaliwa. Kama mwaka 2024 ulikuwa Arusha mwezi wa Oktoba, kwenye lile tamasha la Land Rover lililojaza mji mamia ya magari, huenda ulimwona: alikuwa anapita akiinama chini ya kila gari badala ya kutazama rangi.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kutoka chini ya gari. "Binti, leta taa."

Kabla sijaeleza alichokiona, nirudi nyuma kidogo. Historia ya Land Rover inaanza na usukani uliopotea. Maurice Wilks, aliyekuwa mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita, akiitumia kwenye shamba lake Anglesey, Wales. Mwaka 1947 Rover wakatengeneza gari la majaribio kwa kutumia chesisi ya jeep, na usukani wakauweka katikati, kama trekta. Hesabu yao ilikuwa nzuri: usukani ukiwa katikati, huna haja ya kutengeneza gari la kushoto kwa nchi hizi na la kulia kwa nchi zile. Wazo hilo liliachwa kabla gari halijaingia sokoni. Lile la majaribio halijulikani liliko, na hakuna kipande chake kinachofahamika kuwa kimesalia. Kwa hiyo usukani adimu kuliko wote wa Land Rover ni ule ambao hakuna mtu anaweza kukuuzia, na anayekuambia anao, shika mfuko wako.

Land Rover yenyewe ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Magari ya awali yalikuwa 48. Moja ya yaliyosimama Amsterdam lilikuja kupotea kwa miongo mingi, na mwaka 2018 kampuni ikatangaza kwamba limepatikana kwenye bustani ya mtu, maili chache tu kutoka kiwandani, na kwamba italifufua. Kilichonigusa ni kwamba walisema hawataling'arisha likawa jipya. Rangi yake ya kijani iliyochakaa wangeiacha ionekane.

Sasa turudi chini ya gari la babu. Ukizungusha usukani wa Land Rover ya zamani, unazungusha mhimili mrefu unaoishia kwenye boksi. Ndani ya boksi kuna skrubu kubwa, na juu ya skrubu kuna nati inayopanda na kushuka. Nati hiyo inausogeza mkono wa chuma, mkono unasukuma fimbo, fimbo inakwenda mbele hadi kwenye kitu ambacho mafundi wetu wanakiita relei. Relei ni bomba lililosimama ndani ya mhimili wa mbele wa chesisi. Ndiyo inayopokea msukumo kutoka kwenye boksi na kuugeuza kuelekea matairi. Ndani yake kuna mafuta, bushi zilizopasuliwa katikati za kitu kiitwacho Tufnol, ambacho ni kitambaa kilichogandishwa na gundi hadi kikawa kigumu kama mfupa, na springi moja iliyobanwa kwa nguvu za kutisha.

Fundi aliizungumzia ile springi kama mtu anavyomzungumzia mbwa mkali wa jirani. Relei ikikaa miaka bila mafuta inashikana na chesisi kwa kutu, na kuitoa ni vita. Ukiifungua bila kuifunga kwanza, springi inaruka. Yeye huifunika kwa gunia lenye mchanga. "Mwenzangu mmoja ilimvunja taya," alisema, kisha akaniomba nisogee.

Relei ya babu ilikuwa ya asili. Hilo alilijua hata kabla ya kuifungua, kwa sababu haikuwa imeguswa: kutu yake na kutu ya chesisi vilikuwa kitu kimoja, hakuna alama ya nyundo wala ya spana iliyoteleza. Nikaandika kwenye daftari, nikaanza kuyaona mabati mapya ya bibi.

Ikabaki boksi. Kwa macho, halikuwa na shaka. Lilikuwa na rangi ileile ya chesisi, tope la miaka, grisi iliyogeuka kuwa kama lami. Fundi alikwangua kidogo hadi zikatokea namba zilizotokeza kwenye chuma. Nilitaka kuzipiga picha haraka nimtumie mnunuzi, akanizuia. Namba hizo, alisema, ni za kalibu, yaani za umbo lililomiminiwa chuma, wala si namba ya spea iliyoko kwenye kitabu. Kalibu moja inaweza kutoa boksi za miaka kadhaa, za aina zaidi ya moja. Wengi wanaliwa hapo: wanaona namba, wanaamini.

Yeye haamini namba, anaamini spana. Na hapa kuna kisa kidogo cha historia ambacho nimekipenda kuliko vyote. Waingereza walikuwa na hesabu zao za bolti, Wamarekani zao. Pembe ya jino la bolti ya Kiingereza ilikuwa nyuzi 55, ya Kimarekani nyuzi 60, hivyo ya huku haiingii kule hata ukubwa ukilingana. Vita Kuu ya Pili ikawaonyesha adha yake, pale viwanda vya nchi moja vilipotakiwa kutengeneza mashine za nchi nyingine. Mwaka 1948, mwaka uleule wa Amsterdam, Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kuwa na kipimo kimoja. Lakini makubaliano ni karatasi, viwanda vina mashine zake za zamani. Land Rover za kwanza ziliendelea na bolti za Kiingereza, na zile za kizazi cha pili, kuanzia 1958, zikaanza kuhamia polepole kwenye kipimo kipya. Kwa hiyo ukiwa na seti mbili za spana za inchi unaweza kusoma umri wa Land Rover kwa vidole, gizani.

Fundi alichukua spana ya Kiingereza, akaijaribu kwenye bolti za kifuniko cha boksi. Ikacheza. Akachukua ya pili, ya kipimo kipya. Ikashika.

Hakusema kitu. Alilala tena chini, akachukua msasa, akasugua pale boksi linaposhikana na mwili wa gari. Ikatokea sahani ya chuma iliyochomelewa, ya kienyeji kabisa, imekatwa kwa mkono. Mtu alikuwa amelitengenezea boksi la gari jingine mahali pa kukaa. Boksi la kizazi cha pili, la miaka ya 1960, ndani ya gari la 1955.

"Lakini rangi?" nikauliza. Rangi ilikuwa imepita juu ya boksi, juu ya sahani, hadi kwenye chesisi, bila kukatika. Fundi akanionyesha mistari ya brashi. Kiwanda hakipaki rangi juu ya grisi. "Huyu aliyepaka," akasema, "alitaka lionekane la zamani."

Jioni nilimpigia bibi. Ana miaka zaidi ya themanini na anakumbuka bei ya kila kitu. Nilimuuliza kama babu aliwahi kubadilisha stelingi. Akanyamaza, kisha akacheka. "Lile gunia," akasema.

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Katikati ya hapo ikaja vita ya Uganda, fedha za kigeni zikaisha, spea zikawa hadithi. Upande wa pili, Thika, Land Rover zilikuwa zinaunganishwa kiwandani. Kutoka Same kwenda Taveta si mbali, ila kulikuwa na mpaka. Huku kwetu mafundi walikuwa wanachinja gari moja ili jingine lipumue. Babu alikuwa anapandisha watu na mizigo milima ya Upare, barabara ambazo ukikosa kona hukosi korongo, na usukani wake ulikuwa umelegea kiasi kwamba, kwa maneno ya bibi, "unakata kona leo gari linageuka kesho." Alishachinja alichoweza kuchinja. Mwaka 1981 akavuka kwa miguu, akarudi usiku na kijana aliyebeba gunia kichwani. Watoto waliambiwa ni sukari. Baba mdogo, aliyekuwa na miaka saba, anakumbuka alilia kwa sababu hakupewa ya kulamba.

Halafu ikaja 1983, msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa vitenge mitoni, walizika sabuni. Boksi la usukani huwezi kulitupa, maana gari ndilo linalokulisha, na huwezi kulieleza, maana huna risiti. Babu akanunua rangi, akafunga brashi kwenye kijiti ili ifike hadi nyuma, akapaka boksi na chesisi pamoja, kisha akaendesha gari kwenye tope wiki nzima. Bibi ndiye aliyekuwa anamulika taa.

Nimewahi kuandika habari za waandishi wa miswada wa Lamu, akina Muhammad Kijuma, waliowanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi kwa mkono, na leo nakala hizo zinatunzwa London kama hazina. Hakuna anayesema ni feki kwa kuwa kuna uliotangulia. Nilimweleza baba mdogo hilo kwa simu. Hakulipenda.

Yeye na fundi walikuwa na wazo jingine. Kuna uwanja mmoja nje ya mji una mzoga wa Land Rover ya 1956, boksi lake limeoza ndani lakini nje liko sawa. Unalitoa, unalifunga kwenye la babu, unakata ile sahani, unapaka. Fundi alisema ni kazi ya siku mbili, na mnunuzi hatajua. Nadhani alikuwa sahihi. "Babu yako mwenyewe alifanya hivyo," baba mdogo akaniambia, na kwa dakika nzima sikuwa na jibu. Bibi analala chini ya bati linalovuja.

Nilimwandikia mnunuzi usiku ule. Nikamtumia picha ya sahani, ya mistari ya brashi, ya spana zote mbili, na maelezo ya bibi nikiyatafsiri neno kwa neno, pamoja na gunia. Alijibu baada ya siku tatu, kwa adabu: asante kwa ukweli wako, nitanunua kwa bei ya pili, na je, mnaweza kunitafutia boksi sahihi, hilo la sasa silihitaji.

Baba mdogo hajanipigia tangu hapo. Fundi amepiga mara mbili. Boksi liko juu ya meza yake, amelifungua na kulisafisha, gololi zote bado nzima, na anataka kujua alipeleke wapi.