Maswali ya Wabunge kwa Kiswahili Nchini Kenya

Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kwamba Kiswahili kiwe lugha ya mijadala katika Bunge la Kenya, tena mara moja. Hapakuwa na muda wa kujiandaa. Mbunge aliyezoea kumhoji waziri kwa Kiingereza ilimlazimu sasa kuuliza hata swali la nyongeza kwa Kiswahili, na waziri kujibu kwa lugha hiyohiyo. Ilhali miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Sisi walimu wa nchi jirani hupenda kuyacheka makosa ya sarufi ya siku zile. Tungefaidika zaidi kama tungeuchunguza uzito wa maswali yenyewe. Mwezi Machi 1975 J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka, na wenzake Bungeni wakataka kuelezwa yu wapi. Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, aliliambia Bunge kwamba kwa kadiri alivyojua, Kariuki alikuwa Zambia. Baada ya siku chache maiti yake ikatambuliwa mjini Nairobi. Swali la "yu wapi", ambalo wanafunzi wetu hulisoma katika masomo ya mwanzo kabisa, halikuwa dogo tena. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Elijah Mwangale, nayo ikatoa taarifa yake mwezi Juni mwaka huohuo.

Mwaka 1979 Kiingereza kiliruhusiwa tena, na mbunge akawa na hiari ya kuchagua lugha ya kumhojia waziri.