Uandishi wa Amani, au wa Kujenga Amani?

Vyumba vya habari na vyuo vyetu vimezoea kutafsiri "peace journalism" kuwa "uandishi wa habari wa amani". Kisarufi istilahi hii haina kosa. Kasoro imejificha kwenye ile -a unganifu, ambayo hubeba mizigo mingi kwa mpigo: mkataba wa amani ni wa kuleta amani, mtu wa amani ni mpole asiyegombana na jirani, siku za amani ni zile zisizo na vita. Asiyepewa maelezo ataifasiri istilahi kwa maana ile ya pili, yaani mwandishi mpole asiyemchokoza mtu. Lugha yenyewe inamsukuma huko. Mswahili akiulizwa habari hujibu "nzuri" au "salama" hata kama ameamka na homa. Ya homa yatafuata baada ya "ila". Hapo ndipo tafsiri yetu inapopwaya: inaishia kwenye "salama", haifiki kwenye "ila".

Mwasisi wa dhana hii alikuwa na jambo jingine akilini. Mwaka 1965 Johan Galtung, mwanasosholojia wa Norwei, alichapisha pamoja na Mari Holmboe Ruge uchunguzi wa jinsi magazeti manne ya nchi yao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Cyprus. Walieleza kwamba tukio la mbali hugeuka habari kwa urahisi zaidi likiwa baya, likiwa la ghafla na likiwahusu wakubwa. Baadaye Galtung aliulinganisha uandishi wa vita na utangazaji wa michezo: pande mbili, na nani kashinda. Uandishi wa amani akaulinganisha na habari za afya, ambazo hueleza ugonjwa, chanzo chake, tiba na kinga. Mfano huo wa pili ndio wa kushikilia, kwa sababu mwandishi wa afya hafichi kipindupindu ili watu wasiogope. Galtung huyohuyo alitenganisha amani hasi, yaani kutokuwapo kwa mapigano tu, na amani chanya, ambayo haipo bila haki. Kwetu "amani" imeandamana mno na "utulivu" kwenye hotuba za wakubwa, hata imekaribia kumaanisha ile hasi peke yake.

Kenya imeonja hatari zote mbili, ya uchochezi na ya ukimya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza, na redio za lugha za kienyeji zikanyooshewa kidole kwa uchochezi. Kufikia uchaguzi wa Machi 2013 vyombo vilikuwa vimejifunza, pengine kupita kiasi. Vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapigakura vilipogoma na mfumo wa kupeleka matokeo ulipokwama, wakosoaji walilalamika kwamba maswali magumu yalimezwa kwa jina la amani. Damu haikumwagika kama mara ya kwanza, na hilo si dogo. Lakini kuinyamazia mashine iliyogoma si uandishi aliouwaza Galtung. Ni ule wa mtu mpole.

Ndiyo maana napendelea "uandishi wa habari wa kujenga amani". Kitenzi hakimruhusu msomaji kupumzika. Kinamlazimisha kuuliza nani anajenga, na juu ya msingi gani. Urefu wake haunisumbui: wahariri watakata maneno wapendavyo, mradi kamusi ibaki na umbo kamili. Pingamizi zito ni la watu kama David Loyn, aliyekuwa mwandishi wa BBC, aliyeshikilia kwamba kazi ya mwandishi ni kuripoti, si kuleta amani. "Kujenga" kunaweza kweli kumgeuza mwandishi kuwa mwanaharakati (na "upatanishi", ambao wengine wangeupenda, ungemkalisha kabisa kwenye kiti cha msuluhishi). Hata hivyo, Jake Lynch na Annabel McGoldrick, katika kitabu chao cha 2005, waliweka uzito kwenye uchaguzi: habari ipi itolewe na ielezwe vipi, ili jamii ione njia nyingine zaidi ya mabavu. Uchaguzi huo haukwepeki. Anayehesabu maiti bila kugusa mgogoro wa ardhi uliowaua naye amekwisha kuchagua, ila hajakiri.

Kuhusu istilahi jirani, "uandishi wa suluhisho", unaodai ushahidi wa kilichofanikiwa pamoja na mipaka yake, sina ugomvi, mradi usifupishwe kuwa "suluhu". Kwenye kurasa za michezo, suluhu ni mechi iliyoisha bila bao.