Mtama Ndani ya Maji

Nilikuwa kidato cha tatu nilipopoteza alama mbili kwa sababu ya mtama. Swali lilikuwa la alama nne: eleza kile ambacho maji yanaashiria katika tamthilia ya Kinjeketile. Kitabu chenyewe hakikuwa cha kutahiniwa mwaka wetu. Mwalimu alikuwa amekitoa maktabani, nakala chache zilizochakaa, majalada yameshikiliwa na gundi, akasema ni cha mazoezi tu, tujifunze kuchambua kabla hatujagusa vile vya mtihani. Darasa zima liliandika: maji yanaashiria umoja. Mimi pia niliandika umoja. Halafu, sijui nilitoa wapi ujasiri, nikaongeza kwamba kwenye somo la historia tuliambiwa dawa ile ilikuwa na mtama na mafuta ya mbarika ndani yake, kwa hivyo pengine maji yanaashiria chakula pia. Kando ya sentensi hiyo kukawa na mstari mwekundu na neno moja: nje.

Yaani nje ya swali. Sikubishana. Nikakariri kama wenzangu: giza ni ujinga, mvua ni matumaini, njia panda ni kutojua la kufanya. Kila ishara na maana yake moja, katikati alama ya usawa, kama hesabu. Na mtindo huo haukunitupa. Karatasi ya tatu ilikuja, dondoo likaja, nikaeleza muktadha, nikataja mbinu, nikapita vizuri tu. Lakini ule mtama ulibaki umenikwama menoni.

Nilikutana nao tena chuoni, katika kijitabu chembamba cha mwaka 1968 kilichoandaliwa na G. C. K. Gwassa na John Iliffe. Humo mna kumbukumbu za vita vya Maji Maji, nyingine zikiwa simulizi za wazee waliokuwa hai wakati wa vita vyenyewe. Miaka hiyohiyo wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini mwa Tanzania kuwauliza wazee mambo haya ana kwa ana. Wanafunzi, si maprofesa peke yao. Nilipolisoma hilo nilijisikia vibaya kidogo, wivu hasa. Wenzetu hawa waliuliza maji yalikuwa nini kwa watu walioyanywa na kumwagiwa, nasi tuliuliza mwongozo unasemaje.

Hebu turudi nyuma. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani, chini ya gavana von Götzen, iliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Malipo yalikuwa ya kuchekesha, na waliokataa walichapwa. Tukisoma shuleni tunaandika "kazi ya kulazimishwa" kama sababu namba moja ya vita, tunavuka. Tunasahau kwamba pamba hailiwi. Siku anayoitumia mtu kwenye pamba ya mwingine ni siku ambayo shamba lake la nafaka limebaki na magugu, nguruwe mwitu wakijichukulia. Kwa hivyo pamba ilikuwa njaa inayokuja polepole, na hilo halikuhitaji kufundishwa na mtu.

Mwaka 1904, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, Kinjeketile Ngwale akapandwa na pepo aitwaye Hongo. Wazee walisimulia kwamba alichukuliwa akazama katika kidimbwi, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka akiwa mkavu. Baada ya hapo watu wakaanza kumiminika Ngarambe kutoka kila upande, wakapewa dawa: maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Risasi za Mjerumani, waliambiwa, zitageuka maji. Habari ikapita kwa siri, kinywa hadi sikio, na Wamatumbi wakauita mnong'ono huo njwiywila.

Sasa tazama jambo hili, kwa sababu ndilo nililolitafuta miaka yote hiyo. Hongo hakutokea hewani. Watu wa bonde la Rufiji walikuwa tayari na Bokero, mkubwa wa pepo katika imani yao, na Uluguru kulikuwa na Kolelo. Kule kwenye matambiko watu walikuwa wakienda kuomba mvua na mavuno. Maji ya tambiko yalikuwa ya shamba kabla hayajawa ya vita. Mtu aliyeyapokea mwaka 1905 alipokea kitu alichokijua tangu utotoni, kitu cha mbegu na mvua, ambacho sasa kilikuwa kimepewa kazi nyingine. Umoja ulikuwamo, ndiyo. Watu ambao jana walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni walikunywa kutoka chungu kimoja. Lakini waliungana juu ya nini? Juu ya chakula. Mtama haukuwa pambo.

Hata vita vyenyewe vilitangazwa kwa ishara. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia shambani wakang'oa mashina machache ya pamba. Basi. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna mjumbe aliyetumwa bomani. Mashina machache, na kila mtu, Mjerumani na mwenyeji, akaelewa. Wale watu walijua kusoma ishara kuliko darasa letu zima, na hawakuwa wakitafuta alama nne.

Mwaka uliofuata kuchapishwa kwa kijitabu kile, yaani 1969, Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake. Alizaliwa pwani ya kusini ya Tanganyika mwaka 1943, na alikuwa kijana aliyetoka kusoma chuo kilekile cha Dar es Salaam. (Baadaye alikwenda Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa falsafa kuhusu tamthilia ya Afrika Mashariki. Historia nayo ina vituko vyake.) Mwenyewe alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha jukwaani, asifungwe na yule wa historia. Ni haki yake. Lakini msomaji anayeijua historia anaona pale mwandishi alipoamua kuiacha, na pale ndipo uchambuzi unapoanza kunoga.

Chukua tarehe. Kinjeketile wa historia alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Hakuona shambulio la boma la Mahenge mwishoni mwa mwezi huo, ambapo maelfu waliikimbilia bunduki ya rasharasha wakiamini haitawaua. Hakuwaona Wangoni wakiingia vitani, wala viongozi wao wakinyongwa Songea mwanzoni mwa 1906. Alikufa bila kujua kama maji yalifanya kazi. Hussein akamnyima raha hiyo. Kwenye tamthilia anabaki hai, anasitasita, anawasihi watu wangoje, hawamsikilizi, wanakwenda, wanafyekwa. Kisha anawekwa gerezani na Kitunda, aliyewaongoza wapiganaji, na Kitunda anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hoja yake ni kwamba akikana leo, kesho wajukuu wataambiwa na mtawala kuwa babu zao walikosea kupigana.

Nilipokuwa kidato cha tatu niliandika kwamba hapo anaonyesha ushujaa. Sasa sina uhakika kama ushujaa ndilo neno. Mtu huyu anajua maji hayakuzuia risasi hata moja. Anajua waliokufa walikufa wakimwamini. Na bado anachagua kulilinda lile neno badala ya kuusema ukweli kwa aliye hai mbele yake. Unaweza kumsifu kwa hilo, na unaweza kumkasirikia, na nadhani mwandishi alitaka tufanye yote mawili kwa wakati mmoja. Alama ya usawa haiwezi kubeba mzigo huo.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozo niliotumia haukuligusa kabisa. Kinjeketile anapotoka mtoni akiwa amepagawa, anatabiri ukombozi, watu wanashangilia, halafu anatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Darasani tuliruka mstari huo kama anavyoruka mtu dimbwi. Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alikuwa amekufa tangu 1856, na utajiri wake ulikuwa wa karafuu na watumwa. Pepo, kwa maneno mengine, anawatoa kwa bwana mmoja na kuwapeleka kwa mwingine. Kinjeketile anapopata fahamu na kuambiwa alichosema, hapo ndipo shaka inapomwingia. Sasa fikiria mtu aliyekaa ukumbini mwaka 1969, miaka mitano tu baada ya mapinduzi ya Zanzibar kumwondoa sultani wa mwisho, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mtu huyo angesikia nini? Sisi tulisoma maneno hayohayo Kenya, miongo kadhaa baadaye, tukasikia jina la mfalme wa zamani kwenye somo la biashara ya pwani. Maana ya ishara ilikuwa imebadilika njiani kabla haijatufikia, na hakuna aliyetuambia.

Nina lawama moja kwa Hussein, na naomba nieleweke kwamba ni lawama ya mtu anayekipenda kitabu. Tamthilia inafunguka kwa wanawake wakizungumzia njaa. Inafungwa na wanaume wawili gerezani wakibishana kuhusu neno. Katikati, njaa imepotea. Wanawake wale hawarudi kuulizwa wameona nini.

Na walichokiona ndicho kilichomaliza vita. Bunduki ziliua wengi, lakini ushindi Wajerumani waliupata kwa kuchoma. Afisa wao mmoja alimwandikia gavana kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu hawa wasalimu amri kabisa, na wakafanya hivyo: vijiji vikachomwa, ghala zikachomwa, nafaka shambani ikaharibiwa au kuchukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alifikiri idadi inakaribia 300,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni watu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Walikufa na njaa mwaka 1906 na 1907, vita vikiwa vimekwisha kwenye vitabu vyetu.

Kwa hivyo nilipowaza tena kuhusu jibu langu la kidato cha tatu niliona kwamba sikuwa nje ya swali, ila nilikuwa nimelishika bila kujua nimeshika nini. Dawa ya watu wenye hofu ya njaa ilitiwa nafaka. Waliokunywa dawa hiyo wakaadhibiwa kwa kunyang'anywa nafaka. Simlaumu mwalimu wangu. Alikuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini, nakala chache na kengele inayolia kila dakika arobaini, na alijua msahihishaji atakuwa na nini mezani. Alinifundisha kupita, na nilipita.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani likizo na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege mkononi. Yuko kidato cha tatu.

"Anko, bembea inaashiria nini? Ni ya alama nne."

Nikamwambia aandike kwanza kupanda na kushuka kwa maisha, maana hiyo ataulizwa. Akaandika. Nikamuuliza kama amewahi kupanda bembea ya kweli. Akacheka, akasema ndiyo, ile ya tairi kwa mwembe wa shosho, kamba ilikatika kaka yake akavunjika mkono. Basi nami nikamuuliza: kwenye kitabu hiki ni nani anayesukuma, na kamba inashikiliwa na nani? Akanitazama kama mtu anayepotezewa wakati.

"Hiyo iko kwa mwongozo?"

Nikasema sidhani. Ndipo nikamsimulia habari ya mtama, karibu yote niliyoandika hapa, chai ikipoa mezani. Alisikiliza akizungusha kalamu. Nilipofika mwisho nilitarajia aseme ni nje ya swali, kama nilivyoambiwa mimi.

"Lakini Anko," akasema, "kama watu walikuwa na njaa, huo mtama wa kutia kwa dawa walitoa wapi?"

Miaka yote hiyo, swali hilo halijawahi kunijia. Nikainuka kwenda kukitafuta kile kijitabu kwenye sanduku la vitabu, naye akarudi kwenye zoezi lake, maana kesho yake alikuwa na insha pia.