Ndege Iliyoanguka Kabla ya Mvua

Nimekuwa kimya kwa muda. Kazi imenifanya niwe mtu wa kwenda Kakuma Jumatatu na kurudi Lodwar Ijumaa, na barabara inajulikana, jua nalo linajulikana. Leo siandiki kuhusu kodi wala seva. Naandika kuhusu historia, ingawa mtaona mwishoni kwamba kompyuta haikuwa mbali.

Nyumba niliyopanga hapa Lodwar, jirani yangu ni mzee mmoja mcheshi sana. Jioni hukaa nje na kigoda chake na kunitania kwamba kazi yangu ni kubofya tu. Siku moja akanitolea kitambulisho chake. "Soma hapa, kijana wangu." Nikasoma: amezaliwa tarehe 1 Januari, miaka ya hamsini. Akacheka. "Mdogo wangu ana kitambulisho pia. Chake kinasema ni mkubwa kwangu. Sasa nani atamwamkia nani?"

Alicheka, lakini neno lilikuwa limemchoma. Katika jamii ya wafugaji kujua nani alitangulia kuzaliwa si mchezo. Karani mmoja zamani alikadiria tu, akaandika, yakaisha.

Nikamuuliza alizaliwa lini hasa. Akasema mama yake alimwambia hivi: wakati wa vita vya Waitaliano, ndege ya vita ilianguka kaskazini na askari wakapita kwenda kuitafuta. Ilikuwa akamu, kiangazi. Mvua za akiporo zilipoanza, ndipo alipozaliwa. Mdogo wake alizaliwa baadaye, Waitaliano wakiwa wameshashindwa. "Wewe mtu wa kompyuta," akaniambia, "nitafutie ndege hiyo ilianguka lini."

Basi ndugu zangu, hapo ndipo usingizi uliponipotea.

Kwanza nilijifunza jinsi wanajeshi walivyoandika mambo. Kila kikosi cha ndege cha Uingereza kilikuwa na daftari la shughuli. Fomu 540 ilieleza kwa ufupi mambo ya kila siku, na Fomu 541 ilitaja ndege, wafanyakazi wake, saa ya kuruka na saa ya kutua. Ndege isiyo na saa ya kutua ndiyo unayoitafuta! Madaftari hayo yako Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika kundi la AIR 27. Wengi walioruka Kenya mwaka 1940 walikuwa Waafrika Kusini, kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu iko Pretoria. Za Waitaliano ziko Roma. Na ripoti za wakuu wa wilaya, ikiwemo Turkana, utazikuta Nyaraka za Taifa Nairobi.

Mtu akidhani atafungua faili moja apate jibu, anajidanganya. Chukua mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 11 Julai 1915, kwenye delta ya Rufiji, Waingereza waliishambulia meli ya Kijerumani Königsberg. Rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu wakielekeza mizinga. Ndege yao ikapigwa, na wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha. Waliangukia mtoni wakaokolewa. Siku hiyo haina ubishi, kwa sababu mashahidi ni wengi na hawategemeani: manowari mbili za mizinga, Severn na Mersey, marubani wenyewe, na Wajerumani upande wa pili.

Sasa linganisha na ile B-24 ya Marekani iliyoitwa Lady Be Good. Iliruka kutoka Libya tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kushambulia Napoli, haikurudi. Kumbukumbu zikaiandika kuwa imepotea, watu wakaamini imezama baharini. Mwaka 1958 watafuta mafuta wakaiona jangwani, mamia ya kilomita kutoka pwani! Shajara ya msaidizi wa rubani, Toner, ilipopatikana, ilionyesha kwamba waliruka kwa miavuli saa nane usiku, yaani tarehe 5 tayari, na aliendelea kuandika hadi tarehe 12. Kwa hiyo ukiuliza "ndege ilipotea lini", kwanza sema: iliporuka, ilipoanguka, au watu wake walipofariki? Faili ilikuwa sahihi kuhusu siku ya kuruka na dhana kuhusu mahali ilikuwa kosa tupu.

Yako pia mambo ambayo sisi watu wa kodi tunayapenda. Mwaka 1940 saa ya Nairobi ilikuwa mbele ya ile ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, lakini upande wa Waitaliano Ethiopia ilikuwa saa 3 kamili. Tukio moja, saa mbili tofauti. Waitaliano wakaongeza mwaka wao wa kifashisti kwa namba za Kirumi, hivyo Juni 1940 ni mwaka XVIII. Na ukitafuta "Ziwa Turkana" kwenye nyaraka za vita hupati kitu, maana hadi mwaka 1975 liliitwa Rudolf. Wadasanachi utawakuta kwa jina la Merille. Mtafutaji asiyejua majina ya zamani atarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu, kumbe kipo.

Haya, turudi kwa mzee. Nilifanya kama tunavyofanya tukitafuta kosa kwenye programu: kabla ya kusoma kila mstari, weka mipaka.

Mpaka wa chini: Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Kabla ya hapo hapakuwa na vita vya Waitaliano huku kwetu. Siku tatu baadaye mabomu yao yalianguka Wajir.

Mpaka wa juu: Februari 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki ilivuka kutoka upande wa Lokitaung kuingia Ethiopia, na Novemba 1941 Gondar ikaanguka. Waitaliano wakawa wamekwisha Afrika Mashariki yote.

Sasa ingiza maneno ya mama. Akiporo huku huanza kama Machi au Aprili. Kati ya Juni 1940 na Novemba 1941, mwanzo wa akiporo ni mmoja tu: wa mwaka 1941. Basi mzee alizaliwa hapo. Na ile ndege ilianguka baada ya 10 Juni 1940 na kabla ya mvua hizo. Nikihesabu hadi mwisho wa Machi ni siku 295. Daftari la siku 295 mtu analisoma kwa jioni chache. Daftari la vita vizima lingenimaliza.

Angalieni kilichotokea hapo. Mama asiyejua kusoma alituonyesha ukurasa gani tufungue. Na faili za Roma na London ndizo zilizothibitisha kwamba kumbukumbu yake ina mantiki. Hakuna upande uliotosha peke yake.

Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, naona 01/01 kwenye orodha mpaka macho yanauma. Wengi walikimbia vita bila karatasi, na fomu ikidai siku na mwezi, mtu huandikiwa 1 Januari. Mashine haijui kwamba huo ni ukadiriaji. Inautunza kama ukweli. Tangu nizungumze na mzee nimebadilisha jinsi ninavyounda jedwali la tarehe. Naweka safu nne: mapema kabisa, mwisho kabisa, sababu, na nani alisema. Ni kazi zaidi, ndiyo. Lakini sitaki kuwa karani yule wa zamani mwenye kompyuta mpya.

Nilimpelekea mzee majibu Ijumaa jioni. Nilimwambia sina siku kamili, nina msimu: mvua za mwaka 1941. Nilidhani atasikitika. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na mdogo wangu?" Nikamjibu kwamba kwa maneno ya mama, yeye ni wa baada ya Novemba 1941.

Akagonga fimbo chini. "Inatosha! Mwambie aje aniamkie."

Sasa naanza zile siku 295, moja baada ya nyingine. Nikimaliza nitawaeleza. Alamsiki!