Rubani Behaeghe na Vita vya Ziwa Tanganyika, 1916

Kwa miaka mingi wakulima na wavuvi wa Ufipa walisafirisha mazao na samaki kwa meli ya Liemba, kupitia bandari za Kasanga na Kipili. Mwaka 1916 meli hiyo, ikiitwa Graf von Götzen, ilishambuliwa na ndege za vita. Maisha ya rubani aliyeishambulia yanatusaidia kuchambua swali la msingi: nani hasa hubeba mzigo wa vita vya mabeberu?

Aimé Behaeghe alizaliwa Kachtem, Ubelgiji, mwaka 1890. Alikuwa miongoni mwa marubani wa mwanzo wa nchi yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika. Nguvu yao kubwa ilikuwa Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku na kuunganishwa Kigoma. Ili kuivunja nguvu hiyo, Ubelgiji iliazima kwa Uingereza ndege 4 zinazotua majini. Zilipitia Mto Kongo na reli hadi ng'ambo ya ziwa. Waafrika ndio waliopakia, waliopakua na waliobeba.

Tarehe 10 Juni 1916 Behaeghe, akiwa na mwenzake Collignon, aliruka juu ya ziwa na kuidondoshea mabomu Kigoma. Ushujaa wake hauna ubishi, kwani ndege za wakati ule zilikuwa dhaifu na msaada ulikuwa mbali. Hata hivyo, mabomu hayakuizamisha Götzen. Mzinga wake mkubwa ulikwishaondolewa ukatumike nchi kavu, na huko ndiko mambo yalikoamuliwa. Mwezi huo huo Waingereza waliliteka boma la Bismarckburg, ndiyo Kasanga. Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe tarehe 26 Julai, baada ya kuipaka mitambo grisi nzito ili isiharibike.

Behaeghe hakufa vitani. Ugonjwa ulimwua huko Niemba, Kongo, Desemba 1916, akiwa na miaka 26. Ugonjwa, pamoja na njaa na uchovu, ndio ulioangamiza wapagazi pia. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Jina la rubani limehifadhiwa. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote.

Waingereza waliiibua meli mwaka 1924, na mwaka 1927 wakaipa jina Liemba, jina la kale la ziwa hili kwa watu wa kusini. Chuma kiliokolewa, kikapewa jina la wenyeji. Wenyeji waliobeba vita mabegani hawakupewa hata orodha.

Basi kada na mwanafunzi wa Rukwa wana kazi mbele yao. Wakae na wajukuu wa wapagazi, waandike majina yanayokumbukwa katika koo, kijiji kwa kijiji. Historia isiyowataja waliobeba mizigo ni nusu ya historia.